Wa Kunitua

Jumatatu, 3 Machi 1952

Maji tena. Foleni ya bomba ilifika mpaka kwenye duka la Mwarabu. Mama Tatu, jirani yangu, alikuwa nyuma yangu, akanitwika debe. Njia nzima sikusikia kitu. Debe likishakaa kichwani mkono hauna kazi kubwa. Tabu ni kufika nyumbani. Bombani wa kunitwika wapo. Hapa nyumbani wa kunitua sina. Miguu ya Mama imevimba, akisimama anashika ukuta.

Nikajitua mwenyewe. Mkono wa kulia ukanichoma pale pale penye kifundo, kama mtu amechomeka sindano ya kushonea magunia ndani ya mfupa akaizungusha. Nusu ya maji ikanimwagikia miguuni. Sikulia. Nilitukana. Mama akaniambia nistaghfiri.

Mkono huu uliumia zamani, nilipokuwa na mume. Ukaunga. Kwa macho ni mzima. Ninakanda, ninashona, ninaandika haya. Uzito tu ndio hauutaki, na si kila siku. Jana nilinyanyua kinu, kimya. Leo debe, moto. Sielewi unataka nini.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja Mzee Kondo, mjomba wa Mansuri. Mansuri ndiye aliyekuwa mume wangu, kule Kinondoni. Aliniacha kwa talaka moja, eda ikaisha, nikarudi hapa Temeke kwa Mama. Sijaolewa tena. Yeye pia hajaoa. Sasa mjomba wake anasema Mansuri anataka tufunge ndoa upya. Eti amekuwa mtu mwingine. Hasira zimemwisha. Anafanya useremala kwa Singasinga mmoja, haachi swala, na nyumba ameiezeka upya.

Mama alifurahi hadi akasahau miguu. Akaniita uani.

"Mwajuma mwanangu, mie si wa leo wala kesho. Nikiondoka, utatuliwa na nani?"

Nikarudi barazani nikasema nitafikiri. Mzee Kondo akasema kufikiri ni vizuri, lakini nisifikiri mpaka mwezi uandame.

Moyo umenidunda mchana kutwa. Sijui ni hofu au ni furaha. Vitumbua vya jioni vimeungua, nikavila mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimekinga maji kwa sufuria. Hakuna kubeba, hakuna kuumwa. Nimemfikiria Mansuri. Nikajikataza. Nikamfikiria.

Jumamosi, 8 Machi

Alikuja mwenyewe, baada ya adhuhuri. Mama akamtandikia mkeka barazani, akajikokota mpaka jikoni kumpikia chai ya tangawizi. Mama hampikii mtu chai siku hizi.

Ana mvi pembeni. Jino moja la mbele halipo. Sauti ndiyo ile ile. "Hujambo, Mwajuma." Sijambo. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, nikasema hilo moja.

Akaliona pipa tupu. Hakuuliza. Akachukua mzega, akaning'iniza debe mbele na debe nyuma, akaenda bombani. Akarudi, akaenda tena, mpaka pipa likafurika. Wanawake bombani wamecheka, Mama Tatu kanihadithia. Nami nilikuwa nacheka ndani, kama mwari.

Alipokuwa anavaa viatu akautazama mkono wangu. Akatazama pembeni.

"Unauma bado?"

"Nikibeba."

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka bila kumuaga Mama. Mama kasema ni haya tu, mwanamume mwenye haya ndiye mwema.

Mama hajui. Mama anajua nilianguka kisimani. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu.

Jumanne, 11 Machi

Niandike niliyo na hakika nayo.

Ilikuwa alasiri. Tuligombana kwa sababu ya harusi ya Magomeni. Nilitaka kwenda, hakutaka. Akasema nikitoka nisirudi. Nikatoka. Nilipofika uani nikakumbuka sikuvaa viatu, nikarudi. Nikashika mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia. Yeye alikuwa ndani, ameushika mlango. Mlango wa mninga, aliuchonga mwenyewe, mzito. Akaufunga kwa nguvu zake zote.

Nilisikia mlio kabla ya maumivu.

Alipoufungua akapiga magoti. Alilia kilio ambacho sijakisikia kwa mwanamume mwingine. Akanibeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata lori la kutupeleka hospitali. Njia nzima anaapa: "Sikuuona mkono. Wallahi sikuuona."

Hapo ndipo hakika inapokwisha. Kabla mlango haujafungwa tulitazamana. Alinitazama usoni. Mkono ulikuwa kando ya uso wangu, si mbali. Mtu anaweza kuuona uso asiuone mkono? Nimejaribu kwa kioo. Siku nyingine naona anaweza. Siku nyingine naona haiwezekani.

Halafu baada ya miezi michache akaniacha. Alisema, "Kila nikiuona mkono huo chakula hakipiti." Ni majuto yale, au ni hatia? Kuna tofauti?

Nilisema kisima kwa sababu kusema mlango ni kumtaja Mansuri, na kumtaja Mansuri ni kumshuhudilia mtu jambo nisilolijua. Kila ninapobeba kitu kizito ukaniuma, naulizwa upya. Aliuona? Mkono unauliza. Sina cha kuujibu.

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Bwana mganga aliukunja mkono, akaukunjua, akanibonyeza kila mahali. Hakuna palipouma. Akanipa kiti nikinyanyue. Kiti chepesi, hakikuuma. Niliona aibu kama niliyetunga uongo.

Akasema mfupa umeunga vizuri, sina ugonjwa. Nikamuuliza, basi kwa nini unauma? Akasema mifupa iliyovunjika hukaa na maumivu yake, nisibebe vitu vizito. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kanipa dawa ya kuchua inayonuka kama taa ya chemli.

Nilitamani aseme kitu kibaya. Kitu chenye jina.

Jumapili, 16 Machi

Mansuri tena. Nilivaa kanga mpya. Nakiri, niliivaa kwa ajili yake. Kaleta mkungu wa ndizi, kajaza pipa, kapigilia mguu wa kitanda cha Mama uliokuwa unacheza. Ana mikono mizuri anapofanya kazi. Mipole. Anapapasa mbao kwanza kabla ya kupiga msumari.

Nimefurahi leo. Nimechukia kufurahi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejitua debe zima, limejaa pomoni, na mkono haukusema kitu. Nikasimama pale nikautazama. Nikaona hii ni ishara, mkono umesamehe, niliyebaki ni mimi. Nimwambie Mzee Kondo ndiyo. Mama nilimwambia jioni kwamba nakaribia kukubali. Akaniombea dua ndefu mpaka uji ukapoa.

Jumanne, 18 Machi

Maandishi ya leo yamepinda.

Tatu, mtoto wa jirani, ndiyo kwanza anatembea. Mnene, mzito kama gunia la chumvi. Asubuhi alikuja barazani kwetu, akainua mikono nimbebe awaone kuku wa uani. Nikambeba kwa mkono wa kulia. Nilikuwa na imani nao, kwa ajili ya jana.

Maumivu yakaja yote kwa mara moja. Vidole vikafunguka. Sikuvifungua. Vikafunguka vyenyewe, nikamwona Tatu anakwenda chini, nikashindwa kumdaka. Akapiga paji la uso kwenye ngazi ya baraza. Damu. Kwanza hakulia, na ule ukimya sitausahau. Kisha akalia.

Mama Tatu alitoka mbio na unga mikononi.

"Umemwangusha?"

"Mkono."

"Mkono una nini?"

"Ulibanwa na mlango."

Lilinitoka tu. Kwa miaka yote, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Wala hakulisikia, alikuwa anamfunga mtoto kwa kanga. Tukakimbia naye zahanati. Kashonwa. Watasema ameponea chupuchupu, lakini kovu litabaki, na ni mtoto wa kike.

Sasa nawaza hivi na kichwa kinaniuma. Mimi nampenda yule mtoto. Sikukusudia. Mkono wangu umefanya jambo bila mimi kuamua. Kama wangu umeweza, wa Mansuri je? Na kama ningeambiwa niape kwamba sikumwangusha, ningeapaje? Nimemwangusha.

Jumatano, 19 Machi

Mama Tatu hakuniitikia salamu bombani. Nimetwikwa na mtoto wa shule.

Nimemwambia Mama. Alikuwa anapukuchua kunde. Nilimwambia hakuna kisima, ulikuwa mlango, mlango wa Mansuri, na Mansuri ndiye aliyeufunga. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Alikusudia?"

"Sijui, Mama."

"Miaka yote hii hujui?"

"Sijui."

Akapukuchua tena. Baadaye, kwa sauti ya chini kama anasema na kunde: "Na mie nikampikia chai." Akausukuma ungo. Hajala mchana wala usiku.

Niliogopa atalia. Angelia ingekuwa nafuu.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi Mama kabadilika. Kaniambia nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Kila mwanamume hufunga mlango kwa hasira, marehemu baba yangu pia alikuwa anaufunga. Mkono wangu ulikuwa mahali pabaya tu.

Nikapandwa na hasira. Nilitoka nikasimama mvuani kama mwendawazimu. Jana alikuwa upande wangu, leo hayupo. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nimebadilika hivyo hivyo mara ngapi. Nikarudi ndani. Tumekunywa chai. Alinimegea mkate upande wenye siagi.

Jumamosi, 22 Machi

Alikuja. Mama hakutoka chumbani. Mansuri akaketi kwenye mkeka, akangoja chai ambayo haikuja, akaelewa kuna jambo.

Nikamuuliza. Sikuzunguka.

"Mansuri, siku ile, uliuona mkono wangu?"

Nilijua atakachosema. Ataapa. Aliapa njia nzima siku ile. Nilikuwa nimejiandaa kwa kiapo.

Hakuapa.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Nimejiuliza tangu siku ile. Mara naona niliuona. Mara naona nimejitungia kwa kuwaza sana. Nilipoapa nilikuwa sijui. Hata sasa sijui, Mwajuma. Ningejua ningekwambia, ningepumzika."

Akauinamisha uso. Sikumgusa. Nilitaka kumgusa. Nilitaka pia kumpiga na kitu.

Alipoondoka nilifagia uani mara mbili.

Jumapili, 23 Machi

Angeapa, ningemkataa. Angekiri, ningemkataa. Kasema hajui. Hilo sikulifikiria.

Ni neno la kweli la kwanza kupita kati yetu tangu mlango ule. Mtu anayesema kweli ngumu hivyo si ndiye wa kuishi naye? Au ndiye wa kukimbia? Mtu asiyejua mkono wake mwenyewe ulifanya nini.

Lakini wangu nao.

Sijui. Sijui. Nimeandika neno hilo mpaka limekosa maana.

Jumanne, 25 Machi

Nilikuwa narudi na debe kichwani. Nilipofika kwangu nikasimama kama kawaida, nimejikaza, nangoja sindano. Nikasikia nyuma yangu:

"Simama hapo. Nikutue."

Mama Tatu. Akanitua, akaliweka debe chini bila kumwaga hata tone. Tukatazamana.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Ulisema mlango. Nilikuwa na hasira, lakini nilisikia."

Nikafuta ukingo wa debe kwa kanga.

"Mwanangu anaendelea vizuri. Ila usimbebe tena."

"Simbebi."

"Ukitaka kumpakata, kaa chini kwanza, nikuwekee mapajani."

Akasema pia kwamba nikitoka bombani nipige hodi kwake, ni njia moja. Nikamwambia nitamsumbua. Akasema usumbufu ni kuosha damu kwenye baraza. Ndivyo anavyosamehe, kwa maneno makali.

Nikalia baada ya yeye kuondoka. Nililia kwa sauti. Mama akaniita kutoka ndani, nikamwambia ni moshi.

Ijumaa, 28 Machi

Wamekuja baada ya swala, Mzee Kondo na Mansuri, kuchukua jibu. Mama alivaa buibui lake zuri akaketi nasi. Chai ilikuwepo. Niliipika mimi.

Asubuhi nilikuwa nimeamua ndiyo. Usiku uliopita nilikuwa nimeamua hapana. Nilipowatandikia mkeka sikuwa na jibu lolote. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Mzee Kondo akaanza kwa maneno mazuri. Kuna upepo leo, wa mvua. Katikati ya maneno yake upepo ukaingia uani ukaupiga mlango wa chumba cha Mama. Kishindo. Mlango mwepesi tu, wa mbao za sanduku.

Mimi nilijikuta nimeuficha mkono kwapani. Mansuri alijikuta amesimama. Amekwajuka uso, mikono yote miwili ameikunjia kifuani ndani ya kanzu, kama anaizuia isitoke. Tukaonana hivyo. Chai yake imemwagika juu ya mkeka. Mzee Kondo alikatisha maneno, akauliza kuna nini, ni upepo tu.

Hapo nikaelewa kitu kimoja, na ni hicho kimoja tu. Hata kama hakuuona. Hata kama alikuwa mwema, na mimi nimesamehe, na mkono umepona kabisa. Tutakaa nyumba ambamo watu wawili wanauogopa mlango. Kila mara upepo utakapovuma nitamtazama, naye atanitazama, na tutaulizana bila kufungua midomo mpaka mmoja wetu afe.

"Mzee wangu," nikasema, "nisamehe. Sitarudi."

Mzee Kondo akamgeukia Mama amsaidie. Mama akasema, "Umemsikia." Basi. Sikutegemea.

Mansuri hakubisha. Alikunja mkeka uliolowa, akauanika kwenye kamba, taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani. Akaja mpaka niliposimama.

"Ahsante," akasema.

Kisha wakaenda. Sijui alinishukuru kwa nini. Nimelifikiria tangu alasiri na silijui. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua haikatiki. Maji yako kila mahali isipokuwa kwenye pipa. Nimekumbuka mikono yake akipapasa mbao. Nimelia kidogo, kisha nikasaga mchele. Sijutii. Ninajuta. Vyote viwili, kwa zamu.

Mama na mie tumezoea sasa. Hataji Kinondoni. Jana kaniuliza ghafla kama siku ile niliumia sana. Nikamwambia sana. Akanichua mkono kwa ile dawa ya hospitali. Anachua vibaya, anabonyeza pasipouma. Nilimwacha.

Jumapili, 18 Mei

Jua limetoka wiki nzima. Wanapaka nyumba chokaa mtaani kote, Ramadhani inakaribia. Mama katembea mpaka kwa mwuza samaki na kurudi, peke yake, anajisifu.

Habari zimefika kwamba Mansuri ameoa, binti wa Magomeni. Aliyeleta habari alinitazama usoni aone. Nikasema Mungu awajaalie heri. Nilimaanisha. Baadaye nikakaa jikoni nikawaza kama nilipaswa kumwambia kitu yule mwanamke. Ningemwambia nini? Kwamba mumewe huenda aliona, huenda hakuona? Nimemuombea. Sijui kama inatosha.

Asubuhi nilikwenda bombani mapema, hakukuwa na watu ila mtoto wa shule, akanitwika. Mama Tatu kasafiri kwao Mtoni na mwanawe. Nikajitua mwenyewe. Mkono umeuma, umeuma sana, pale pale. Nikakaa kwenye ngazi nikaushika kwa ule wa kushoto mpaka ukatulia. Ulikuwa unauma tu. Haukuuliza kitu.

Kisha nikachota kwa kata, nikamimina ndani ya pipa. Kidogo kidogo.